Usiziwashe hizo taa za mitumba kabla hujasoma namba ya volti

Dada, umeuliza mambo mengi kwa pamoja: mti wa mvinje au wa plastiki, mapazia mekundu au ya dhahabu, baraza ipambwe vipi, na kama zile seti tatu za taa ulizozipata kwa bei poa katika duka la vitu vilivyotumika kutoka Marekani zinatosha sebule ya nyumba yako mpya hapo Chumbageni, Tanga. Nimesoma yote, lakini nilipofika pale ulipoandika kwamba fundi amekata plagi za zamani na kufunga za kwetu, na kwamba ulipozijaribu ziliwaka "kali kuliko za jirani", mapazia yamenitoka kichwani. Zichomoe kwanza, halafu uendelee kusoma.

Huo ukali unaousifu ndio ugonjwa wenyewe. Umeme wa Marekani majumbani ni volti 120, na wa kwetu ni 230. Seti ya zamani ya balbu ndogo za nyuzi, zile zenye kiuzi chembamba kinachowaka ndani, kwa kawaida huwa na balbu 50 zilizofungwa kwa mfuatano, kila moja ikiwa imetengenezwa kwa volti 2.5 hivi, na ukizijumlisha unafika karibu na 120. Ukiichomeka Tanga, kila balbu inapewa karibu mara mbili ya kile inachokihimili. Haizimiki papo hapo, bali inawaka nyeupe na kupata joto kali, na wewe unaona umepata taa bora. Baadaye moja inaungua. Ndani ya balbu nyingi za aina hiyo kuna kiwaya kidogo kinachoendelea kupitisha umeme hata uzi ukikatika, ili seti nzima isizimike kwa sababu ya balbu moja. Katika volti yake hilo ni jambo jema. Katika volti yetu maana yake ni kwamba mzigo wa balbu iliyokufa unahamia kwa zilizobaki, inaungua ya pili, kisha ya tatu, na kadiri zinavyopungua ndivyo umeme unavyozidi kukimbia katika waya mwembamba kama uzi wa kushonea viatu.

Tena plagi za asili za taa hizo zina kifyuzi kidogo ndani yake, kilichowekwa ili kikatike waya usije ukashika moto. Fundi anapokata plagi ile na kuitupa, anatupa kinga pekee iliyokuwapo. Wala usitegemee breka ya ukutani, kwa sababu ile imewekwa kulinda nyaya nene za nyumba, na waya wa taa unaweza kuyeyuka wote bila breka kushtuka.

Hayo sikuyajua Krismasi ya mwaka 2019. Nilinunua seti tatu kama wewe, kwa shilingi 15,000 zote, katika duka ambalo sitalitaja, na muuzaji akaniambia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika kwamba "umeme ni umeme, mzee, tatizo ni plagi tu". Nilimuuliza kuhusu transfoma ya kushusha volti, kwa kuwa niliwahi kuiona kwa rafiki yangu mwenye redio ya Kimarekani, akajibu kwamba hiyo ni ya mafriji na kwamba kwenye vitaa nitapoteza fedha bure. Yule mtu alikuwa anauza vifaa vya umeme kila siku. Karatasi ndogo iliyoandikwa 120V ilikuwa ikining'inia kwenye waya karibu na plagi, naye aliing'oa mbele yangu kwa ukucha, akisema inaharibu sura ya taa. Mpaka leo nikiukumbuka ukucha ule napata hasira. Kama hakujua, alipaswa kunyamaza. Na kama alijua, basi aliiuza nyumba yangu pamoja na taa zake.

Mti ulikuwa mvinje, uliokatwa siku kumi na mbili kabla ya sikukuu na kusimikwa katika ndoo ya mchanga mkavu. Kwa joto letu la Desemba, na upepo wa kaskazi ukiingia dirishani mchana kutwa, majani yalikuwa yamekauka kiasi kwamba ukiyagusa yanadondoka. Juu yake tulitandaza pamba ya dukani ili ifanane na theluji, kama wengi wetu tunavyofanya tangu utotoni. Jioni ya mkesha nilikuwa barazani nikipiga viatu vya watoto rangi kwa ajili ya ibada ya usiku, binti yangu akatoka ndani na kuniambia taratibu, "Baba, mti unanuka." Nilipoingia, balbu za upande mmoja zilikuwa zimezimika na za upande wa pili zilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Kwenye tawi la katikati, palipogusana balbu na pamba, palikuwa na doa la kahawia lenye upana wa sarafu. Doa lile lilipanuka nikiwa ninalitazama, ukingo wake ukawa mwekundu, na kabla sijaifikia soketi pamba yote ilikuwa imeshika, kutoka tawi la chini hadi kwenye nyota.

Tulichofanya sawasawa ni kimoja tu, nacho nilielekezwa na jirani yangu, mzee Mwislamu aliyekuja mbio na kanzu yake aliposikia kelele: alipaza sauti kwamba nizime mein swichi kwanza, na kwamba mtu asithubutu kumwaga maji umeme ukiwa bado unapita. Baada ya hapo yeye na vijana wake walileta ndoo za mchanga wa ujenzi. Watoto walikuwa wamekwisha kutolewa nje. Tulipoteza televisheni, makochi mawili, mapazia yote na sehemu ya dari, hasara iliyozidi shilingi milioni mbili, lakini kinachoninyima usingizi ni mkeka wa mdogo wetu wa mwisho. Kila usiku wa wiki ile alikuwa akilala chini ya mti ule ili azitazame taa mpaka usingizi umchukue.

Kwa hiyo sheria ya nyumba yangu sasa ni hii: taa isiyoandikwa 220–240V kwenye lebo, plagi au kiboksi chake haivuki kizingiti, hata ikiwa ni zawadi. Na taa iliyokatwa plagi yake ya asili siitaki kabisa, maana sijui ni nini kingine kilichoondolewa. Ukizipenda mno hizo ulizonazo, kazi yake ni transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi 110 au 120, yenye uwezo wa wati unaozidi jumla ya seti zote tatu, ifungwe na fundi umeme mwenye leseni. Lakini kwa seti zilizokwisha kuwashwa kwa volti 230, hata kama ni kwa dakika chache, mimi nisingeziamini tena. Nunua za LED mpya zenye lebo ya volti zetu. Hazipati joto kama zile za nyuzi na zinakula umeme kidogo sana wa LUKU.

Kuhusu mti, mvinje unafaa ukikatwa siku tatu au nne kabla, shina likasimama katika ndoo yenye maji, ila pamba iache dukani. Sisi siku hizi tunatundika nyota za ukili uliotiwa rangi, kutoka kwa mama mmoja msuka mikeka, na mashada ya kamba ya mkonge, ambavyo vinaupa mti sura ya Tanga badala ya sura ya nchi yenye theluji. Navyo vinashika moto, usidanganyike, ndiyo maana havikai karibu na balbu yoyote ya nyuzi. Za barazani ziwe zilizoandikwa kwamba ni za nje, kwa sababu hewa ya chumvi hapa haichelewi kula shaba. Na namba ya zimamoto, 114, iandike ukutani mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma.

Fundi wako akikuambia kwamba nazidisha hofu, mwombe azichomeke nyumbani kwake usiku mmoja, karibu na kitanda chake. Wewe chukua tochi sasa hivi, tafuta kile kikaratasi kwenye waya, na uniandikie hapa kilichoandikwa. Ikiwa kimeng'olewa, niandikie hivyo pia.