Maswali ya Wasomaji: Nifuate Mchoro wa Kompyuta au Hisia Zangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa muda sasa nimekuwa nikipanga sebule yangu kwa programu ya usanifu. Kwenye kompyuta chumba kinapendeza mno: kochi kubwa la kona, kuta za kijani kilichokolea na zulia la kijivu. Hata hivyo, kila nikisimama ndani ya chumba chenyewe nafsi yangu inakataa, na siwezi kueleza kinachonikera. Dada yangu, ambaye nyumba yake humpendeza kila anayeingia ingawa hajawahi kuchora chochote, ananiambia niachane na kompyuta nifuate moyo. Nimsikilize nani?
Msomaji Mwenye Shaka

JIBU: Ndugu Msomaji, kabla hujaifuata shaka yako, ichambue kwanza: ni kochi linalokusumbua, au ni rangi? Programu inaaminika sana katika jambo la kwanza, na haiaminiki sana katika la pili.

Kuhusu kochi, ningeisikiliza programu. Macho hukadiria vibaya ukubwa wa chumba kitupu, lakini programu iliyopewa vipimo sahihi itakuonyesha bila upendeleo kama mlango utafunguka wote na kama pana nafasi ya kupita, ambayo kwa kawaida huwa sentimita 75 hadi 90. Kati ya kochi na meza ndogo ya mbele yake, sentimita 40 hadi 45 zinatosha. Huhitaji programu ya gharama. Sweet Home 3D ni ya bure na inaifanya kazi hii vizuri. Ila usiichukulie sebule yako kuwa mstatili kamili kwa kuwa tu inaonekana hivyo: pima kuta zote nne, kisha pima kutoka kona hadi kona kwa pande zote mbili, na urefu huo ukitofautiana ujue pembe za chumba zimepinda. Pima pia mlango wa kuingilia na kona za ngazi, kwa maana kochi linaweza kuenea sebuleni lakini likashindwa kufika huko.

Uzuri wa picha ni suala jingine. Ili chumba kizima kionekane, kamera ya programu mara nyingi huwekwa kwenye pembe pana, na hapo chumba huonekana kirefu kuliko kilivyo. Ipunguze pembe hiyo, kisha ishushe kamera hadi sentimita 110 hivi kutoka sakafuni, karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Halafu ingiza kwenye mchoro kabati lako la zamani, nyaya za televisheni na viatu vya mlangoni, vitu ambavyo picha za namna hii hazina kamwe. Nashuku kwamba sehemu kubwa ya mvuto wa sebule yako ya kompyuta inatokana na kutokuwepo kwa vitu hivyo.

Rangi ndiyo inayostahili shaka yako yote. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga wake chenyewe, ilhali ukuta huakisi tu mwanga unaoufikia, kwa hiyo kijani kile kile kitakuwa kimoja asubuhi na kingine jioni, kitaelekea umanjano chini ya balbu ya kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na kitaelekea ubuluu chini ya balbu ya kelvini 6500. Isitoshe, kuta zilizopakwa rangi moja huakisiana, ndiyo maana rangi iliyoonekana ya kadiri kwenye kipande kidogo hukolea ikienea chumba kizima. Nunua kopo dogo, paka karatasi mbili ngumu zenye urefu wa mita moja hivi, zisimamishe kwenye kona zikitazamana, na uziangalie mchana na pia usiku taa zikiwa zimewashwa. Hapo jicho lako ndilo hakimu, wala usiiulize kompyuta tena.

Dada yako hakosei, ila anachokiita moyo ni mazoea ya kuhamisha vitu na kuvitazama upya hadi vikae sawa. Wewe pia unaweza kufanya hivyo kabla ya kulipia chochote: bandika utepe wa gundi sakafuni kwa vipimo vya kochi, kisha ishi nao kwa siku chache. Ukijikuta unakatiza ndani ya mstari kila unapoelekea dirishani, kochi hilo ni kubwa kwako hata kama mchoro umeliruhusu.

Likikubalika, chagua kwanza kitambaa chake, ndipo urudi kwenye kuta. Rangi ya ukuta inaweza kuchanganywa ili ioane na karibu kitambaa chochote, lakini vitambaa vya makochi huja kwa rangi chache.