Mwanasaikolojia wa kujitolea hamlazimishi manusura asimulie

Wengi hudhani wanasaikolojia wa kujitolea huenda kwenye maafa kuwafanya watu "watoe yote moyoni". Hapana, hawaendi kwa hilo. Kumkalisha manusura asimulie mkasa mzima siku zile zile za mwanzo ni mtindo wa zamani, na Shirika la Afya Duniani (WHO) haliupendekezi. Tafiti zilionyesha hauzuii kiwewe cha baadaye, na wengine huenda unawazidishia.

Kinachofanyika ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mwongozo wa WHO wa 2011 unaifupisha kwa maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau. Mama amekaa kwenye turubai, viatu vina tope, hajui mwanawe yuko wapi. Huyo humuulizi "unajisikiaje?" (jamani!). Unampa maji, unakaa naye, unamtafutia simu apige kwa ndugu, unampeleka kwenye dawati la waliopotea. Baada ya mafuriko ya Mai Mahiu, Aprili 2024, Msalaba Mwekundu wa Kenya walikuwa na dawati hilo pamoja na watu wa ushauri nasaha.

Mimi nilifundishwa hayo kwenye mafunzo ya wanaojitolea, na nusu ya darasa hatukuwa wanasaikolojia. Haihitaji shahada.

Ila anayetaka mwenyewe kuongea, mwache aongee, usimkatize. Na anayesema anataka kujidhuru, au ambaye wiki zinapita halali wala hawezi shughuli zake, huyo mpeleke kwa mtaalamu. Hapo ndipo shahada inahitajika.