Kufuata vidole kwa macho kunatibuje kiwewe cha ajali?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mwaka juzi basi tulilopanda lilipinduka usiku. Majeraha yamepona, lakini hadi leo nikisikia breki zikilia natetemeka mwili mzima, na usiku naota vioo vikivunjika. Mwanasaikolojia ninayemwona amependekeza tiba ya EMDR: nifuate vidole vyake kwa macho huku nikiikumbuka ajali. Mama anasema huko ni kupumbazwa akili. Macho yanahusiana nini na ajali? Na siwezi kufanya mwenyewe nyumbani kwa kufuata video?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nianze na mama, maana hofu yake inaeleweka. Katika tiba hii hulazwi usingizi, wala hakuna anayetawala akili yako. Unajua ulipo na unayemwangalia, na ukiinua mkono kuashiria inatosha, kazi inasimama papo hapo.

Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987, akiwa matembezini, aligundua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali macho yake yalipokwenda huku na huku. Alichapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka EMDR katika mwongozo wake wa kutibu msongo wa baada ya kiwewe.

Sasa macho. Kuna maelezo kadhaa. Mimi naliona hili kuwa na uzito zaidi. Sehemu ya akili tunayotumia kushika jambo la sasa hivi ni finyu, kama meza ndogo. Ukiweka mezani picha ya vioo vikivunjika, kisha ukalazimika pia kufuata vidole vinavyokwenda mbio, nafasi haitoshi. Picha inafifia, na inaporudi kuhifadhiwa inarudi ikiwa imepungua ukali. Hutasahau ajali; utaikumbuka kama jambo lililopita. Kazi yoyote inayojaza meza hiyo yaweza kusaidia, ndiyo maana wataalamu wengine, badala ya vidole, hutumia kugonga viganja kwa zamu au sauti kwenye sikio moja kisha jingine. Watafiti bado wanabishana macho yenyewe yanachangia kiasi gani, kwa sababu kuikabili kumbukumbu ukiwa mahali salama nako kunatibu.

Tiba ina hatua 8, na kusogeza macho huanza baadaye. Kwanza mtaalamu huchukua historia yako na kukufundisha kujituliza. Kisha mnachagua picha moja na wazo lililoshikamana nayo, mfano "nitakufa", nawe unapima maumivu yake kuanzia 0 hadi 10. Unafuata vidole kwa takriban nusu dakika, anasimama, anauliza kimekujia nini, mnaendelea. Kikao huchukua dakika 60 hadi 90.

Kwa video peke yako, hapana. Picha ya ajali inaweza kuvuta nyingine usiyoitarajia, labda msiba wa zamani, na video haioni kwamba umeganda au pumzi imekubana. Nimewaona watu waliofukua kidonda hivyo wakakosa wa kuwasaidia kukifunga. Nyumbani jitulize tu: pumua polepole, kanyaga sakafu uisikie chini ya nyayo, taja kwa sauti vitu unavyoviona chumbani. Ajali iache hadi siku ya kikao.

Kabla ya kuanza, mweleze mtaalamu kama una kifafa, ugonjwa wa macho, dawa unazotumia, au nyakati ambazo unajikuta hujui ulipo. Muulize pia amepata wapi mafunzo ya EMDR, kwani shahada ya saikolojia peke yake haitoshi. Siku chache baada ya kikao ndoto zinaweza kuongezeka, kwa hiyo usilale peke yako nyumbani. Na kikao cha maandalizi, ukiridhia, nenda na mama, amuulize mtaalamu mwenyewe hilo la kupumbazwa.