Nguzo za plastiki zenye maranda na mpira: kazi inaanzia kwenye kukausha

Anayetengeneza nguzo za uzio au mbao za plastiki iliyochanganywa na maranda na mpira huku Nyanda za Juu Kusini hana shida ya malighafi. Mafinga kuna maranda ya paini, Mbarali pumba za mpunga, Mbozi maganda ya kahawa, Iringa mianzi. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni unyevu. Maranda yaliyoanikwa juani tu bado yanaweza kuwa na maji asilimia 10 hadi 15, na yakiingia kwenye mashine ya kuyeyushia plastiki yenye nyuzijoto 170 maji hayo yanageuka mvuke. Nguzo inatoka na matundu ndani kama mkate, na kigongo kimoja kinaikata.

Kausha hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 2. Kujua umefika, chukua gramu 1,000 za maranda uliyokausha, zirudishe kwenye oveni ya nyuzijoto 105 mpaka uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 980 au zaidi, mzigo wako unafaa. Makambako na Njombe, kwenye ukungu na baridi, maranda hunywa unyevu upya haraka sana. Yafungie kwenye pipa lenye mfuniko yakiwa bado ya moto, uyatumie siku hiyohiyo.

Kwenye plastiki, anza na madumu yenye namba 2 ndani ya alama ya pembetatu. Yakate, yaoshe, kisha yatumbukize kwenye maji: yanayoelea chukua, yanayozama tupa kando. Chupa za maji ya kunywa huzama, na huyeyuka karibu nyuzijoto 250, wakati mbao huanza kuungua ikipita 200. PVC, plastiki ya mabomba, nayo huzama, na ikichomwa hutoa hewa ya tindikali inayodhuru mapafu na kula chuma cha mashine. Viroba vya salfeti huelea, lakini ni plastiki ya aina nyingine isiyoshikamana vizuri na ya madumu. Vitengee mzigo wake.

Kwa kilo 100 za mchanganyiko tunashauri uanzie hapa: plastiki kilo 60, maranda 25, unga wa mpira 12, na kilo 3 za plastiki iliyotiwa kemikali iitwayo maleiki anhidraidi. Hiyo ya mwisho ndiyo gundi. Mbao hupenda maji, plastiki huyakataa, kwa hiyo bila kiunganishi nguzo inakuwa ngumu kupinda lakini rahisi kuvunjika. Ukiikosa, punguza maranda hadi kilo 15 na ongeza plastiki.

Mpira wa tairi hauyeyuki tena, kwa kuwa ulishapikwa na salfa kiwandani. Kazi yake hapa ni kupokea vishindo ili nguzo isipasuke inapogongwa. Chembe ziwe chini ya nusu milimita. Kubwa zaidi ya hapo hung'oka na kuacha mashimo ambako ufa unaanzia. Pitisha sumaku mara mbili kuondoa nyaya. Ukizidisha mpira, nguzo inalegea, basi usikimbilie kuujaza kwa sababu tu matairi chakavu ni mengi.

Yeyusha plastiki na gundi kwanza, ongeza mpira, maranda yawe ya mwisho na kwa mafungu. Joto liwe kati ya 160 na 185. Ukiona moshi wa kahawia au harufu ya mbao iliyoungua, shusha joto mara moja. Pumba za mpunga zinafaa badala ya maranda, ila zina silika nyingi, madini magumu kama ya mchanga, inayokula skrubu inayosukuma mchanganyiko ndani ya mashine; zisage laini na ujiandae kubadilisha skrubu mapema.

Nyuzi za mianzi au katani zinatoa nguvu zaidi kuliko maranda, zikiandaliwa. Zikate milimita 5 hadi 10, kwani ndefu hujiviringa na kuziba mdomo wa mashine. Ziloweke saa moja hadi mbili kwenye kostiki (soda kali), gramu 50 kwa kila lita ya maji, kisha zisuuze mpaka utelezi uishe na uzikaushe kama maranda. Zikilala humo usiku kucha zinadhoofika. Vaa glavu na miwani, tia kostiki kwenye maji na kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Tumia ndoo ya plastiki: sufuria ya aluminiamu italiwa na kutoa gesi inayowaka.

Kwenye kalibu, yaani chombo kinachoipa nguzo umbo, endelea kukandamiza mpaka nguzo ipoe hadi katikati. Plastiki hii husinyaa ikipoa, na ukiiachia mapema inabaki na uwazi katikati au inajikunja.

Kabla ya kuuza, weka kipande juu ya matofali mawili, tundika mzigo katikati na ukiache wiki nzima, kwa sababu plastiki huendelea kupinda polepole hata chini ya mzigo usioongezeka. Kwa sababu hiyohiyo usiuze mbao hizi kwa kenchi za paa wala nguzo za kubebea ghorofa. Uzio, mazizi, mabenchi na vitanda vya bustani vinatosha.