Korongo wa Bendera Aangalie Wapi?

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Busia, Uganda. Tangu sherehe za Uhuru za kitaifa zifanyike wilayani kwetu mwaka 2024, hapa kijijini hatutaki tena 9 Oktoba ipite kama siku ya kupumzika tu. Mwaka huu tutapandisha bendera yetu mbele ya ofisi ya LC1, yaani baraza la kijiji. Fundi cherehani ameishona, lakini wazee wanasema upande mmoja korongo wa kwenye duara jeupe la katikati ameupa mlingoti kisogo. Je, ni kosa? Na vijana wanauliza: uhuru ulitangazwa Kololo, Kampala, sisi wa mpakani na Kenya tunasherehekea nini?

JIBU: Wazee wako wana macho. Korongo huuelekea mlingoti, utazame bendera mbele au nyuma. Fundi amekata nembo mbili zinazofanana, na hapo ndipo wengi hukosea. Ukizunguka nyuma, mlingoti unakuwa kulia kwako, kwa hiyo ndege wa upande huo lazima aangalie kulia. Afumue nembo ya nyuma, ageuze karatasi ya mchoro, akate upya.

Apime pia kitambaa. Kimo ni 2 kwa urefu 3. Bendera ya sentimita 90 kwa 135 ina milia sita ya sentimita 15: nyeusi juu, njano, nyekundu, kisha zinarudiwa. Kila mlia ukatwe sentimita 17, maana mshono na pindo hula sentimita moja kila upande. Kitambaa chekundu kilowekwe na kusuuzwa hadi maji yatoke meupe. Kisipofanyiwa hivyo, mvua ya kwanza ya Oktoba itaingiza wekundu kwenye duara jeupe, na doa hilo halitoki. Ncha ya mbali na mlingoti ipigwe pindo mara mbili, kwani ndiko upepo huanza kuchana. Kamba na kapi vijaribiwe jioni ya tarehe 8. Bendera hupanda upesi, hushuka taratibu kabla ya jua kuzama.

Sasa vijana. Bendera ya Uingereza ilishushwa Kololo usiku wa kuamkia 9 Oktoba 1962. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963. Kwa miezi 14, Msamia, ambaye kabila lake liko pande zote mbili, aliyevuka mpaka kwenda kumwona shangazi yake alitoka nchi huru akaingia koloni, na jioni akarudi kwenye uhuru wake. Watu wa Kampala hawakuishi hivyo. Waketi na wazee waliokuwa watu wazima wakati huo wawaulize, maana wanazidi kupungua.

Wajue pia kwamba serikali ya chama cha DP (Democratic Party) ilikuwa na bendera yake ya kijani na buluu. Chama cha UPC (Uganda People's Congress) kiliposhinda uchaguzi wa Aprili 1962, rangi zikabadilishwa. Korongo alikuwa kwenye ile ya kwanza, na akabaki kwenye hii.

Mkiwaalika majirani wa ng'ambo, bendera ya Kenya iwe na mlingoti wake, ukubwa na kimo sawa na yetu. Baada ya wimbo wa taifa, imbeni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: ni wa Kiswahili, wote watauitikia.