Nimemaliza LLB nataka haki za binadamu, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza digrii ya sheria mwaka jana, napenda haki za binadamu na mambo ya sera ila nyumbani wanasema huko hakuna hela nikatafute kazi benki. Niende Shule ya Sheria au niombe masta Uingereza? Na bila koneksheni inawezekana kweli? (Binti, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwenye hela wazazi hawajakosea sana, mwanzoni utalipwa posho ya nauli na chakula, na mradi wa mfadhili ukiisha na mkataba wako umeisha. Ila masta iweke pembeni kwanza. Chevening kwa mfano, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, wanataka uwe umeshafanya kazi saa 2,800, sasa wewe umetoka chuo juzi utajaza nini?

Nenda Shule ya Sheria. Najua, matokeo ya 2022, wengi walipofeli, yalizua kelele mpaka waziri akaunda kamati ya uchunguzi chini ya Mwakyembe, lakini bila cheti cha pale uwakili utausikia tu, na kwenye haki za binadamu asiyeweza kusimama mahakamani mara nyingi anaishia kuandaa semina (wenye semina zenu mnisamehe).

Huku unasubiri, kakae na wasaidizi wa kisheria, sheria ya 2017 inawatambua kabisa. Anakuja mama na bahasha ya kaki, ndani kadi ya kliniki, barua ya mtendaji, risiti za ada, anataka matunzo ya mtoto, wewe ndo uchambue ipi ni ushahidi na ipi ni hasira, halafu umwandikie dai kwa Kiswahili anachokielewa.

Sasa sera. Wengi wanadhani kesi ikishinda basi. Angalia kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakiuka Katiba, serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe, ikakata rufaa, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yenyewe, na mwaka mwingine ukapita vifungu viko palepale. Hapo kati ya hukumu na Bunge ndo pana kazi na watu wake wachache: kusoma muswada mstari kwa mstari, kujua kamati inakaa lini Dodoma, kuandika kurasa mbili mbunge azimalize akiwa njiani.

Koneksheni inasaidia, siwezi kukudanganya. Lakini Mahakama ya Afrika iko hapo Arusha na inachukua watu wa intanshipu, LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) nao wafuatilie. Ukiomba usijaze barua na mapenzi yako kwa wanyonge, kila mtu anaandika hivyo. Chagua muswada mmoja, andika hizo kurasa mbili, ambatanisha.

Nyumbani waambie hata benki zinaajiri mawakili, watatulia.