Uvimbe Nyuma ya Sikio? Anza Kuangalia Kichwani

Nasuka nywele, kwa hiyo vidole vyangu vinapita nyuma ya masikio ya watu kutwa nzima. Nikigusa kitu cha ukubwa wa harage, kinateleza chini ya ngozi pale kwenye mfupa, najua tezi imevimba. Mwenyewe mara nyingi hana habari. Nikimwambia tu, anashtuka: "Jamani, si kansa hiyo?"

Mara nyingi siyo. Hizo ni tezi za limfu, sehemu ya kinga ya mwili, na hizi za nyuma ya sikio zinapokea majimaji kutoka ngozi ya kichwa na sikio lenyewe. Vijidudu vikiingia huko, tezi inafura kwa sababu inapambana. Ndiyo maana nawaambia watu waache kwanza kuhangaika na uvimbe, watafute kilichouleta. Kaa kwenye mwanga, mtu akupasue nywele mstari kwa mstari mpaka kisogoni.

Kwa watoto, nakutana zaidi na mapunye: mabaka yenye magamba, nywele zimekatika. Mama anakuwa ameshapaka kila krimu ya dukani. Fangasi huyo anakaa ndani ya unywele, krimu peke yake haimfikii. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa na kwa maelekezo ya daktari. Mapunye yakipona, tezi nayo inanywea taratibu.

Kwa wakubwa, lawama nyingi ni zetu wasusi. Rasta zikibanwa sana, vipele vya usaha vinatoka kwenye mashina ya nywele, na tezi inafuata. Mteja akisema hawezi hata kulala, fumua. Hela ya kusuka imeshaenda, iache iende. Dawa ya kulainisha nywele ikikuunguza ukabaki na vidonda, mambo ni yaleyale. Angalia pia chawa, tundu jipya la hereni, na sikio linalotoa usaha.

Mtoto akiwa na homa ndogo na vipele mwilini, tezi zikavimba nyuma ya masikio na kisogoni, inaweza kuwa rubela. Mtoto kwa kawaida hupona, ila mweke mbali na wajawazito, maana inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, hivyo kaangalie kadi ya kliniki.

Tezi yenyewe haihitaji mambo mengi. Ikiuma, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu na umeze parasetamo. Dozi ya mtoto ipimwe kwa uzito wake. Usiibonyeze kila saa. Usiichue, usiichanje kwa wembe, wala usinunue antibayotiki kabla hujapimwa. Andika tarehe uliyoiona kwenye simu, kwa sababu inaweza kuchukua wiki kadhaa kupungua na ukabaki unabahatisha.

Nyuma ya sikio pakiwa pekundu, pana moto na panauma, sikio likasukumwa mbele, hasa kwa mtoto mwenye homa au aliyekuwa anaumwa sikio, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usaha unaweza kuwa umeingia kwenye mfupa.

Nenda pia kama tezi imepita wiki nne bila kupungua, inakua, ni ngumu na haisogei, hata kama haiumi. Au unatoka jasho jingi usiku, unakonda, homa haziishi, na tezi nyingine zimetokea shingoni na kwapani. Watakupima VVU na kifua kikuu, pengine watachukua chembechembe kwa sindano. TB ya tezi ipo na inapona. Dawa zake hospitali za serikali ni bure, kwa kawaida unazitumia miezi 6.

Na kichwa chenye mapunye au vidonda sikisuki. Chanuo hilohilo litaingia kwenye kichwa cha mwenzako.